Mtoto Aliyeitwa Mumunye: Katuni Inayowasemesha Wazazi

Neno katuni limetuzoesha vibaya. Likitamkwa tu nyumbani, mama huona amepata nafasi ya kwenda kutazama chungu chake jikoni na baba hufungua gazeti lake, kwani wote wawili wameshakubaliana bila ya kusemezana kwamba kilichomo ndani ya televisheni ni cha watoto na hakina madhara. Rangi za kupendeza, wanasesere wenye vichwa vikubwa, sauti nyembamba: vipi kitu kama hicho kimhusu mtu mzima? Filamu ninayokusudia kuieleza katika ukurasa huu wa familia itamshtua yeyote atakayeiweka kwa dhana hiyo, tena kabla ya dakika kumi kupita. Nami naona kwamba wenye haja nayo zaidi ni wazazi, kuliko watoto wanaoketi mbele ya televisheni.

Jina lake ni Ma vie de Courgette. Courgette kwa Kifaransa ni aina ya mumunye mdogo wa kijani, na hilo ndilo jina la utani la mtoto mwenye kisa. Mwongozaji wake ni Claude Barras wa Uswisi, na imetokana na riwaya ya mwandishi Mfaransa, Gilles Paris, iliyochapishwa mwaka 2002. Aliyeigeuza kuwa mchezo wa filamu ni Céline Sciamma. Ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Cannes mwezi Mei 2016, na mwezi uliofuata ikatwaa tuzo kuu ya tamasha la katuni la Annecy, huko huko Ufaransa. Mwaka 2017 ilipata tuzo mbili za César, tena ikaingia katika filamu tano zilizoshindania Oscar ya katuni. Huko ilishindwa na Zootopia ya Disney. Watoto wetu wengi wanaijua Zootopia kwa vipande vyake vyote. Hii nyingine ni nadra kumpata aliyewahi kuisikia.

Kisa chenyewe kinaanza hivi. Icare ana umri wa miaka tisa na anaishi na mama yake peke yao. Baba aliondoka zamani. Mama anakunywa pombe mbele ya televisheni kutwa nzima, akiropoka peke yake, na mtoto hucheza chumba cha darini kwa kupanga makopo matupu ya bia yawe mnara, kwa kuwa hana kitu kingine cha kuchezea. Siku moja mnara unaanguka kwa kishindo. Mama anapanda ngazi kwa hasira akiahidi kipigo. Mtoto, kwa hofu, anaufunga mlango wa sakafuni. Mama anaanguka na kufa.

Hayo yote hupita upesi, bila damu na bila kilio. Linalofuata ni mazungumzo katika ofisi ya polisi. Askari mmoja mnene, mpole, aitwaye Raymond, anampigia mtoto taipu maelezo yake. Anamwuliza jina. Mtoto anakataa kuitwa Icare: yeye ni Courgette, jina alilopewa na mama yake. Anapoulizwa mama alikuwa mtu wa namna gani, anasema kwamba alikuwa akinywa sana bia, lakini alikuwa akipika viazi vya kuponda vizuri na mara nyingine walikuwa wakicheka pamoja.

Mtazamaji mdogo atalisikia jibu hilo na kupita. Mtu mzima hapiti. Katika sentensi moja ya mtoto mna hesabu nzima ya mapenzi na madhila, na mtoto hajui kuwa ameitoa. Hapa ndipo tofauti ilipo baina ya filamu hii na katuni tulizozizoea: maneno yake ni ya watoto, na maana yake imewekwa kimo ambacho mtoto haifikii.

Mfano mwingine ni kishada. Vitu viwili tu Icare anavyovichukua kutoka nyumbani ni kopo la bia la mama yake na kishada alichokichora mwenyewe. Upande mmoja amemchora baba yake kwa sura ya shujaa wa hadithi za watoto. Upande wa pili amechora kuku. Akiulizwa sababu, anaeleza kwamba mama alikuwa akisema baba anapenda sana vifaranga. Kwa lugha ya mitaani ya Kifaransa, vifaranga ni wasichana. Mtoto ameubeba msiba wa nyumba yao akidhani anabeba picha ya kuku, na askari aliyeketi mbele yake anaelewa, na sisi tunaelewa, na hakuna anayemwambia.

Tuache kisa kidogo tutazame mikono iliyokitengeneza, kwa sababu nayo ina hoja yake. Hii si katuni ya kuchorwa kwa kompyuta. Wahusika wake ni wanasesere halisi, wenye mifupa ya waya ndani, waliovishwa nguo zilizoshonwa na kusimamishwa katika vyumba vidogo vyenye vitanda, vikombe na mapazia ya kweli. Fundi humsogeza mwanasesere kidogo tu, mkono ukapanda kadiri ya unene wa punje ya mchele, kisha hupiga picha. Humsogeza tena, hupiga tena. Kope na midomo hubadilishwa kimoja baada ya kingine ili uso ucheke au ununuke. Picha hizo zikipitishwa mfululizo kwa kasi ya picha 24 kwa kila sekunde, jicho hudanganyika likaona uhai. Ufundi huu kwa jina la kigeni huitwa stopimosheni. Filamu ya Barras ina urefu wa dakika 66, nawe ukizidisha utapata kwamba picha zaidi ya 90,000 hupita machoni pako, hata ikiwa mkao mmoja wa mwanasesere huenda ukatumika kwa zaidi ya picha moja. Kazi hiyo ilifanyika karibu na mji wa Lyon, Ufaransa, na siku nzima ya fundi mmoja huishia kwa sekunde chache tu.

Sauti nazo zilitangulia. Barras hakuwatafuta waigizaji wazoefu wa kuiga sauti za watoto, bali watoto wenyewe, wasio na mazoea ya kazi hiyo, na badala ya kuwasimamisha mbele ya kipaza sauti aliwaacha waigize matukio kwa miili yao huku wakirekodiwa. Ndiyo maana pumzi zao, kusita kwao na hata kumeza mate kwao kunasikika. Mtazamaji anayejua watoto atalitambua jambo hilo mara moja.

Na asidhani mtu kwamba sanaa ya kupiga picha moja moja ni ya watoto tangu asili yake. Katuni ndefu kongwe kuliko zote zilizosalia hadi leo ilitoka Ujerumani mwaka 1926, ikatengenezwa na mwanamke aitwaye Lotte Reiniger. Alikata kwa mkasi vivuli vya karatasi nyeusi, akavisogeza kidogo kidogo juu ya kioo chenye mwanga kwa takriban miaka mitatu. Na kisa alichokichagua alikitoa wapi? Katika Alfu Lela Ulela, hadithi ambazo mabibi zetu wa pwani walizisimulia usiku kwa wakubwa na wadogo waliokaa mkeka mmoja. Shujaa wake anaitwa Ahmed.

Katika filamu ya Barras pia yumo Ahmed. Nasi tumrudie Icare.

Raymond anampeleka katika makao ya watoto, nje ya mji, na huko ndiko anakokutana na wenzake. Hakuna hata mmoja aliyefika pale kwa sababu nyepesi. Simon, mbabe wa kundi, wazazi wake ni watumiaji wa dawa za kulevya. Jujube mama yake ana maradhi ya akili yanayomfanya afungue na kufunga jokofu bila kikomo. Ahmed anakojoa kitandani, na baba yake yuko gerezani kwa wizi. Alice huuficha uso wake nyuma ya nywele. Aliyotendewa na baba yake filamu inayagusa kwa neno moja la kitoto tu, na hilo linatosha. Béatrice alikuwa shuleni siku ambayo mama yake alikamatwa na kurudishwa Afrika. Tangu hapo kila gari linaposikika nje, binti huyo hukimbilia mlangoni akiita mama. Baadaye anakuja Camille, ambaye baba yake alimwua mama yake kisha akajiua, na ambaye shangazi yake anamtaka kwa sababu moja tu: fedha atakazolipwa na serikali kwa kumtunza.

Aliyetueleza historia hizo zote ni Simon. Ameyasoma mafaili katika ofisi ya msimamizi. Anazitaja moja baada ya nyingine kwa sauti kavu, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani, naye hana zaidi ya miaka kumi. Mwongozaji mwingine angaliweka hapo muziki wa kuliza. Barras anaacha kimya.

Katika makao hayo kuna ubao mmoja ambao napenda kila mwalimu wa madrasa angeuona. Ni ubao wa hali ya hewa, lakini si ya hewa ya nje. Kila mtoto ana alama yake, na kila siku alama hiyo huwekwa kwenye jua, wingu, mvua au radi, kulingana na moyo wake ulivyoamka. Mkubwa anayepita huutazama na kujua leo nani asisemeshwe kwa ukali. Filamu haiutolei hotuba ubao huu. Umetundikwa tu ukutani, na ukiwa makini utaona alama zikihama kadiri kisa kinavyoendelea.

Kisha kuna safari ya theluji. Walimu wanawapeleka watoto mlimani kucheza. Huko mtoto mmoja wa watu wengine anaanguka, na mama yake anakuja, anainama, anamfuta machozi na kumbembeleza. Ni tukio la kawaida kuliko yote duniani. Kamera inageuka: watoto saba wa makao wamesimama kwa mstari, kimya, macho yao makubwa ya duara yakimtazama mama yule. Mmoja anasema kwamba mama huyo ni mzuri. Mwingine anajibu kwamba huenda si mama yake. Basi. Wanaendelea na michezo yao. Nimezitazama filamu nyingi zenye waigizaji wa damu na nyama zilizojaribu kueleza uyatima kwa saa mbili, nazo hazikufikia kimo cha nusu dakika hiyo ya wanasesere.

Kwa nini basi wanasesere waweze? Nadhani ni kwa sababu mtoto halisi anapolia mbele ya kamera, sehemu ya moyo wa mtazamaji humhurumia mwigizaji, na sehemu nyingine hujilinda. Mwanasesere hana wa kuhurumiwa nyuma yake. Uso wake ni duara, macho mawili na mdomo. Kilichobaki hukijaza mtazamaji kutoka kwa watoto anaowajua yeye.

Na sisi tunawajua. Hapa sina budi kusema neno ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Katika jamii zetu haki ya yatima haina mjadala. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alizaliwa baba yake akiwa ameshafariki, akampoteza mama yake akiwa na miaka sita. Jambo hilo husemwa mimbarini kila mwaka. Lakini ifikapo Ramadhani tazama picha zinazosambazwa: watoto wamepangwa kwa urefu, kila mmoja ameshika mfuko wa mchele, mfadhili amesimama katikati, na nyuma limetandazwa bango lenye jina lake. Sadaka imefika, hilo ni jema. Ila mtoto aliyepigwa picha ile atakwenda shule kesho, na wenzake wameshaiona. Amepewa mchele na amepewa jina: mtoto wa kituo.

Katika filamu nzima hakuna mtu mzima anayedai shukrani za watoto. Mlezi wao Rosy anapopata ujauzito kisha mtoto, watoto wanamzunguka na kumhoji. Je, utabaki naye hata akiwa mbaya wa sura? Hata akilia usiku kucha? Hata akinuka? Hata akiwa mjinga? Maswali yanazidi kuwa ya kuchekesha, naye anaitika kila moja. Watoto wanatazamana kwa mshangao wa kweli, kwani habari hiyo kwao ni mpya. Ukumbini watu wazima ndio hunyamaza hapo.

Askari Raymond naye hakumsahau mtoto aliyemwandikia maelezo. Anakuja kumtembelea, na Icare humwandikia barua zenye michoro. Polepole tunatambua kwamba mkubwa huyu ana jeraha lake: ana mtoto wa kiume aliyemwacha. Mwishowe anawachukua Icare na Camille wakakae kwake. Kwa msomaji aliyesoma fiqhi, hapa pana jambo la kutazamwa kwa makini. Raymond hamfutii Icare mambo ya kwao. Kishada chenye picha ya baba kinabaki, kumbukumbu ya mama mlevi inabaki, na jina alilopewa na mama yake linabaki kutumika. Sisi tuna kafala, yaani kumlea asiye wako kwa mali yako na moyo wako bila kumbadilishia nasaba, nayo si desturi ya kujificha: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitaja kwa jina, na Kenya imeiingiza katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Pamoja na hayo, familia nyingi zenye chumba na uwezo huona kwamba njia pekee ya kumsaidia yatima ni kutuma gunia kituoni.

Sasa tahadhari, kwa kuwa najua maswali yatakayoniletewa baada ya sala ya Ijumaa. Filamu hii si ya kumwekea mtoto wa miaka sita kisha ukaondoka. Nchini Marekani iliwekwa katika daraja linalowaonya vikali wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 13. Pombe imo, ingawa imeonyeshwa kwa ubaya wake. Ipo sehemu ambapo watoto wananong'onezana kuhusu mambo ya wakubwa chumbani, kwa maneno ya kuchekesha ya wasiojua, na ipo dansi katika ile safari ya mlimani. Mzazi na aitazame kwanza peke yake, usiku, watoto wakishalala. Aliye na kijana wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne, na hasa aliye na kijana aliyefiwa, anaweza kisha kuitazama pamoja naye, awe tayari kuisimamisha na kuzungumza. Dakika 66 zinaweza kuchukua jioni mbili, wala hakuna dhara.

Tena mtu asichukue wanasesere kuwa ni kibali. Mary and Max ya Mwaustralia Adam Elliot, ya mwaka 2009, ni nzuri mno, lakini ni ya huzuni nzito na ya watu wazima kabisa. Anomalisa, ya mwaka 2015, ina mambo ya faragha ambayo sitayaeleza katika ukurasa wa familia, hiyo iacheni. Hata Coraline, ambayo wengi huwapa watoto, imewakosesha wadogo kadhaa usingizi kwa ule mama mwenye vifungo vya shati mahali pa macho.

Yamebaki ya Simon. Yeye ndiye aliyemtesa Icare siku za kwanza, akimwita Kiazi. Yeye ndiye pia aliyebuni hila ya kinasa sauti kilichomfichua shangazi wa Camille. Anaposikia kwamba rafiki zake wawili wanachukuliwa, anakasirika, na ghadhabu yake ni ya mtu anayejua hesabu: watoto wa umri wao hawachukuliwi ovyo, na mafaili ameyasoma. Icare anataka kubaki kwa ajili yake. Ni Simon anayemlazimisha aende, akimwambia kwamba aende kwa ajili yao wote.

Gari linaondoka. Filamu ya watoto ingelifuata gari hilo mpaka kwenye nyumba mpya na chumba kipya. Hii inafika huko pia, lakini haisahau kurudi makaoni, ambako barua imefika yenye jina la Simon juu yake. Anaisoma. Nyuma yake ubao wa hali ya hewa bado umetundikwa, na Ahmed, Alice, Jujube na Béatrice bado wapo.